Mbuzi Tuliowapaka Rangi Sanyuanli

Rangi nyeusi ya kitambaa, ile inayouzwa kwenye makopo ya bati, ina harufu iliyo kati ya mafuta ya taa na maziwa yaliyochacha. Mwezi uliopita fundi aliyekuja kuandika bango la duka la jirani alifungua kopo la namna hiyo barazani, nami nikaondoka nyumbani kwangu mpaka alipomaliza. Niliporudi nilikuta kwenye kundi la simu la watu tuliosoma pamoja picha ya wanamuziki watano wa Ufini, wenye pembe na manyoya, na maneno chini yake: ukiikuta picha hii kwa mwanao ifute upesi, hii ni bendi ya kuzimu, waliuza nafsi zao, na maneno ya nyimbo zao ni viapo. Wengi walikuwa wamekwisha kujibu Amina. Hawa ni watu wazima. Mmoja ni mhasibu, mwingine anafundisha sekondari. Hakuna aliyeuliza nani kasema.

Naweza kuwajibu. Nilisema mimi. Sikuwa peke yangu, na nilikuwa na miaka kumi, lakini neno "viapo" katika habari hiyo ni langu, na nitaeleza nililipata wapi.

Baba alipofariki, Mama aliacha kuuza vitenge Mbeya akaanza kusafiri. Safari yake ya tatu hakubaki mtu wa kuniachia, kwa hiyo alinichukua, tukakaa Guangzhou, kusini mwa Uchina, miezi mingi kiasi kwamba nilisahau nani alikaa dawati gani darasani kwetu. Watanzania pale walikuwa wachache wakati ule, wakijuana kwa majina na kwa mikoa. Tulipanga chumba Sanyuanli, ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti. Ndege zilizokwenda kutua kiwanja cha Baiyun zilipita karibu sana na paa, vifuniko vya sufuria vikalia. Nguo zilianikwa siku tatu na bado ziliingia ndani zikiwa mbichi. Mama alisema katika mji huu hata chumvi inatoa machozi.

Safari mbili za kwanza alikuwa amefunga mizigo ya watu: kukunja, kubana, kushona magunia, kuandika majina ya wenye mali kwa wino mzito. Safari hii alikuwa na mtaji wake. Angeufikisha mzigo, auze, apange kibanda chake sokoni, na asifunge tena gunia lenye jina la mtu mwingine. Alinieleza hivyo mara nyingi, akiwa anapiga mswaki, anakaanga mayai, anashuka ngazi. Hakuwa akinieleza mimi hasa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma. Nilikuwa nimesoma shule ya Kiingereza, na wafanyabiashara wale, waliojua Kiswahili chao na maneno machache ya Kichina ya sokoni, waliniletea kila karatasi: maelekezo ya dawa, fomu za ndege, vibandiko vya makasha. Waliniita Katibu. "Mwiteni Katibu aangalie," mtu angesema, nami ningekuja na kidole changu cha shahada. Mama ndiye aliyenifundisha kusoma hivyo tangu nikiwa mdogo, kidole chini ya mstari kikitembea neno kwa neno, na sikuwa nimeacha. Wengine walicheka kidole hicho. Hakuna aliyecheka jibu. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kiasi kile.

Kontena lilikuwa la pamoja. Hakuna mmoja wetu aliyeweza kulijaza peke yake, kwa hiyo watu wa ushirika wetu, Wakristo wa bara, walikodi moja na kupanga humo mali zao zote, viatu juu ya redio, redio juu ya vitambaa. Aliyelisimamia aliitwa Mwinjilisti Elikana. Hakuwa amewekewa mikono na kanisa lolote. Aliuza redio na pasi za umeme, na aliongoza ibada yetu ya Jumapili kwa sababu alikuwa na Biblia kubwa kuliko zote na sauti iliyolingana nayo. Yeye ndiye aliyechora kwa chaki sakafuni mwa kontena mahali pa mzigo wa kila mtu. Yeye ndiye aliyeliombea kabla milango haijafungwa. Watu waliamini kwamba kinachoingia humo kinalala pamoja safari nzima, na kwamba kitu kichafu kimoja kinaweza kuharibu bahati ya vyote. Kama gunia lililolowa lilioza, swali la kwanza halikuwa mvua iliingilia wapi. Swali lilikuwa nani kaweka nini.

Mama alizinunua fulana zake Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, kwenye duka lililokuwa na upana wa mlango. Zilikuwa fulana nyeusi zilizobaki baada ya mnunuzi wa mbali kuziagiza na kutorudi. Nilimwona akizichagua. Alivuta mshono wa bega. Alilowesha kidole kwa mate akasugua kitambaa kuona kama rangi inatoka. Alinusa. Alipouliza saizi kubwa, mwenye duka, ambaye sote tulimwita laoban kama tulivyowaita mabosi wote wa kule, alitikisa kichwa, "Mei you," hakuna, na Mama akachukua zilizokuwapo. Kitu ambacho hakukitazama ni picha ya kifuani. Picha haikuwa na kazi kwake. Haikuchuja wala haikufumuka.

Laoban alikuwa ameichapa picha hiyo kutoka kwenye jalada la CD, na kwa kuwa mashine ilikuwa imekwisha kuinakili, alinipa mimi ile CD. Ilikuwa na mkato pembeni, kama pengo la jino, uliopenya kasha na diski yenyewe. Leo najua sababu. Huko Ulaya na Amerika CD zisizouzwa zilikatwa kwa msumeno na kutumwa Uchina kama taka za plastiki, na watu wa bandarini walizitoa kwenye taka wakaziuza, kwa kuwa mkato uliharibu wimbo wa mwisho tu. Wakati ule nilidhani kitu kimeing'ata.

Picha nayo niliisoma nitakavyo. Viumbe watano wenye pembe, nyuso za magome ya mti na miili ya manyoya, walisimama mbele ya nyumba ya mbao. Ardhi yote ilikuwa nyeupe. Sikuwa nimewahi kuona theluji, na katika vitabu vyangu vya shule theluji ilikaa milimani, juu, mahali pake. Nyeupe hii ilikuwa chini, miguuni mwa watu, imeifunika hata ngazi ya nyumba. Nilijua kitu kimoja tu kinachofunika uwanja namna hiyo. Nikaamua kwamba wamesimama kwenye majivu.

Jumapili hiyo ibada ilifanyika chumbani kwetu, na mabunda ya fulana yalikuwa yamepangwa ukutani. Moja lilipasuka gunia. Mama Furaha, aliyeuza viatu Mwanza, alivuta fulana ili akalie, akaikunjua.

"Yesu wangu! Mama Tusa, hivi umeziangalia hizi?"

"Nimeziangalia," Mama alisema. Tusa ni mimi. "Kitambaa kizito, mshono mara mbili."

"Kitambaa! Angalia kilicho juu ya kitambaa, mwenzangu."

Mwinjilisti aliipokea fulana kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa nepi. Aliitazama kwa muda. "Hii ndiyo inakuja kulala juu ya redio zangu?"

"Si juu ya redio. Umenichorea upande wa mlangoni."

"Mlangoni! Basi hao ndio watakaotangulia kushuka." Watu wawili walicheka, kisha wakaacha. "Ni nani hawa?"

"Wanamuziki tu," Mama alisema. "Mtoto ana CD yao."

Niliitoa chini ya mto wangu. Elikana aliiinua kwenye mwanga wa dirisha ili wote waone mkato. "Mnaona? Nani kaikata? Wenyewe. Mzungu anachukua msumeno, anakata kitu chake mwenyewe, kipya. Kwa nini? Kwa sababu aliisikiliza akashtuka." Alichomoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha. "Haya. Tusihukumu bila kusikia. Katibu, tusomee."

Karatasi hiyo nilikuwa nimeifungua mara nyingi nikiwa peke yangu, na nilijua kwamba siwezi kuisoma. Haikuwa Kiingereza, kama wote walivyodhani. Ilikuwa na maneno marefu kama treni, na baadhi ya herufi zilikuwa na vidoti viwili juu, ambavyo kwangu vilikuwa pembe. Ningeweza kusema sijui. Ni maneno mepesi. Lakini watu tisa walikuwa wamegeuza shingo, na Mama Furaha alikuwa amenyamaza, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Niliishika karatasi kwa mkono mmoja, mwingine nikautia mfukoni mwa sketi.

"Ni viapo," nilisema.

"Viapo kwa nani?"

"Kwa mkubwa wao. Wanasema... wanasema wamempa kila kitu. Na nyumba zao zimeungua. Hapa wamesimama kwenye majivu." Nikaona haitoshi. "Hata herufi zao zina pembe. Njooni muone."

Walikuja wakaona. Vidoti vilikuwapo. Mama Furaha alisema, "Uwiii," akaitupa fulana mbali kama imemwunguza. Mama yangu hakuja kutazama. Alikuwa ameketi juu ya bunda akinitazama mimi, moja kwa moja, bila kupepesa. Niliusoma uso huo kama nilivyosoma majivu: nilidhani ni hofu.

Hukumu ilitolewa pale pale, kwa upole mwingi, na upole ule ndio ninaouchukia zaidi. Elikana alisema hamkatazi mtu biashara. Fulana zibaki China, au kila picha ifunikwe kwa rangi nyeusi kabla hazijagusa kontena. Alikuwa tayari kuleta rangi yeye mwenyewe. Mama aliomba mpaka kesho.

Kesho yake mchana tulikuwa juu ya paa la jengo, fulana zimetandikwa kwenye saruji kwa safu, kila moja ikiwa na jiwe shingoni ili upepo wa ndege usiichukue. Makopo manne ya rangi. Mama, Mama Furaha, mimi, na Mwinjilisti aliyesimama kivulini kwenye mlango wa ngazi akihakikisha. Mimi nilipewa brashi ndogo ya kufunika macho. Tulikuwa tumemaliza safu moja tu Bi Rukia alipopanda na beseni la nguo. Alikuwa Mwislamu wa Pemba, akiishi ghorofa ya tatu, na alisafirisha vyombo vya nyumbani kwa kontena lake mwenyewe.

"Enhe! Mnafanyani nyie? Mwawapaka masizi mabeberu ya watu?"

"Si mabeberu, Bi Rukia," alisema Mama Furaha. "Ni mapepo."

"Mapepo!" Aliweka beseni chini, akainama juu ya fulana ambayo haijapakwa. "Mie mtu wa Pemba, mwanangu, mapepo nayajua kwa majina. Huyu beberu. Tazama ndevu. Tazama na pembe zilivyofungwa, kamba hii yapita chini ya kidevu, na fundo hili hapa. Pepo gani afunga pembe zake kwa kamba? Huyu mtu kajivisha, acheza ngoma yake."

Nilitazama. Fundo lilikuwapo. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na nililiona siku ya kwanza, na sikulihesabu kwa sababu halikuwa na kazi katika hadithi yangu.

"Mama Tusa, mie kontena langu lafungwa Jumatano," Bi Rukia aliendelea. "Nyuma kule pana nafasi. Tia fulana zako, usijichoshe na jua."

Mama aliweka brashi yake juu ya kopo. Nakumbuka jinsi alivyofanya: kwa uangalifu, ikae katikati isianguke, kama mtu ambaye hataihitaji tena. Alijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa karibu kutabasamu.

Elikana alitoka kivulini. Hakukasirika. "Sawa kabisa. Kila mtu na kontena lake. Lakini hapa pana ushuhuda wa mtoto. Ama mtoto kasema kweli, ama kasema uongo katikati ya ibada. Ghorofa ya pili kuna yule ndugu Mghana, Kiingereza chake hakina shaka. Tumwite, mtoto asome tena mbele yake, mstari kwa mstari. Akisoma vilevile, Bi Rukia atajua anabeba nini. Asiposoma vilevile, sisi nasi tutajua tunaishi na nani."

Ndege ilipita, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema lolote. Ilipokwisha, Mama alikuwa ameshika brashi.

"Hapana," alisema. "Tunapaka."

"Mama Tusa!" alisema Bi Rukia.

"Ahsante, dada. Tushaanza."

"Mmeanza safu moja!"

"Tushaanza."

Bi Rukia alitutazama mmoja mmoja, akachukua beseni lake. "Haya. Nyie watu wa bara mna kazi." Akaenda kuanika upande wa pili wa paa, akitupa mgongo.

Nilipumua. Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili, lililokuja kabla brashi yangu haijakauka, lilikuwa dharau. Mama yangu alikuwa amepewa njia na mtu mzima mwenye akili, na alikuwa ameiacha kwa kumwogopa mwanamume mwenye kipande cha chaki. Niliyaziba macho ya mbuzi mmoja baada ya mwingine nikimdharau. Siwezi kueleza jinsi moyo wa mtoto unavyoweza kubeba vyote viwili, kuokolewa na kumdharau aliyeniokoa, ila kwa kusema kwamba sikujua kuwa ni yeye aliyeniokoa.

Rangi ile haikuwa ya fulana. Ilikauka ikawa ngumu kama kadibodi, na zilipokunjwa ikapasuka, na katika mipasuko pembe zikaonekana, nyeupe, zikiwa mbaya kuliko mwanzo. Sokoni Mbeya wateja walizishika, wakazisikia zikilia kama karatasi, wakaziacha. Mwishowe ziliishia kwa mafundi wa magari, wakafutia mikono. Kibanda hakikupangwa. Mama alirudi kufunga magunia ya watu, mengi yakiwa na jina la Elikana kwa wino mzito, na hakufika tena Guangzhou kununua mzigo wake mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili, tukigombana kwa jambo lingine kabisa, nilimwambia, "Ungekuwa na roho ungempa Bi Rukia zile fulana." Alisema, "Chakula kinapoa."

Elikana naye alirudi na kitu bora kuliko redio. Alikuwa na ushuhuda. Aliutoa kanisa hadi kanisa, na kila nilipousikia ulikuwa umenenepa. Kwanza msichana aliyesoma viapo. Kisha msichana aliyesoma lugha asiyoijua. Kisha msichana aliyeanguka akitoka povu, na fulana zilizopiga kelele zilipoguswa na rangi. Ulirekodiwa kwenye kanda, kanda zikauzwa, akaitwa Mchungaji. Picha ya bendi ilichapwa kwenye vipeperushi, na kutoka huko, sina shaka, imefika kwenye simu zenu. Mmerithi uongo wa mtoto wa miaka kumi uliotiwa mbolea na mtu mzima. Sisemi hivi ili mnisamehe. Nasema ili mjue mnachosambaza.

Ningebaki na hadithi yangu ya majivu mpaka leo kama mke wa Elikana asingefariki. Nilikwenda msibani kwa heshima ya Mama. Sebuleni, juu ya kochi, ilitundikwa kalenda ya zamani: kanisa la mbao, uwanja mweupe mpaka kwenye ngazi, na chini yake maneno marefu kama treni, vidoti viwili juu ya herufi. Nilisimama pale muda mrefu. Mzee Elikana akanisogelea.

"Unaipenda? Ni ya wamisionari walionibatiza. Wafini."

"Huu weupe ni nini, Mchungaji?"

"Si theluji hiyo? Kwao ndivyo kulivyo, walituambia."

"Na herufi hizi, huzikumbuki?"

Alizitazama kwa nia njema kabisa. "Herufi ni herufi, binti yangu," alisema, akaenda kupokea wageni wengine.

Sikwenda chuo kikuu. Yote ninayoyajua zaidi ya kidato cha nne nimejifundisha, na nina utaratibu wangu: jambo moja kwa wakati, daftari moja kwa jambo. Karatasi ya CD nilikuwa nayo bado. Kamusi ya Kifini na Kiingereza niliipata kwenye vitabu vilivyoachwa hospitali na muuguzi mmoja wa misheni aliyestaafu, na kwa Jumamosi nyingi nilikaa mezani nikichambua maneno yale, ambayo hubadilika mikia kwa namna ya kukatisha tamaa. Nilipokwama nilisoma mahojiano ya wanamuziki hao mtandaoni. Haya ndiyo niliyoyapata.

Walikuwa vijana watano wa mji mdogo wenye kiwanda cha mbao. Wawili walikutana kwenye kambi ya kipaimara ya kanisa lao la Kilutheri, ambako walifundishwa gitaa ili wapige nyimbo za dini. Katika sehemu yao ya nchi kuna desturi ya Januari: sikukuu zikiisha, wanaume hujivika ngozi, pembe na vinyago vya magome ya mti, wakawa mbuzi, wakazunguka nyumba kwa nyumba kudai mabaki ya chakula na pombe. Watoto hujificha chini ya meza, wazee hucheka. Onyesho la kwanza la bendi liliangukia siku ya desturi hiyo, na mwimbaji, aliyeogopa kutazamwa, alikataa kuvua kinyago. Basi ikawa hivyo. Karatasi yenyewe ni shukrani: kwa mwenye banda la viazi walikofanyia mazoezi, kwa dereva, kwa mbwa aliyetajwa kwa jina. Na mstari mmoja, ambao nilirudia kuutafsiri mara tatu nikidhani nimekosea: kwa mama zetu, walioshona mbuzi hawa kwa makoti yao ya zamani na hawakutuuliza kitu.

Msidhani nimekuwa mpenzi wao. Muziki wao ni kelele; niliusikiliza wote, isipokuwa wimbo wa mwisho ambao msumeno uliula, na sikupata hata mmoja wa kuurudia. Tena nina neno nao. Kwao pia waliitwa waabudu shetani, kumbi zilifungwa, wazazi waliandamana, na wao, walioweza kusema kwa sentensi moja kwamba hii ni ngoma ya mbuzi ya babu zetu, walikaa kimya miaka kadhaa kwa sababu kuogopwa kuliuza tiketi. Waliona ni mzaha. Huenda hawakuwahi kuwaza kwamba mzaha wao ungetandikwa kwenye paa la Sanyuanli na jiwe shingoni.

Nilipomaliza tafsiri, Mama alikuwa mgonjwa, kwenye kitanda ambacho hakuinuka tena. Nilimpelekea daftari. Nakiri kwamba sikulipeleka kwa upendo mtupu. Nilitaka asikie kwamba Elikana alikosea, kwamba Bi Rukia alisema kweli, na kwamba fulana zile zingeweza kufika salama kama angesimama. Nilikuwa nimejiandaa hata kukiri kwamba siku ile sikuwa nimesoma chochote.

"Mama," nilisema, "ile karatasi ya Guangzhou. Haikuwa viapo. Nilidanganya."

"Nilijua," alisema.

"Ulijua baadaye?"

"Nilijua pale pale. Wewe ukisoma kweli, kidole kinatembea. Siku ile kidole kilikuwa mfukoni."

Nilitaka kuuliza kwa nini, kisha paa likanirudia lote: brashi iliyowekwa katikati ya kopo, Elikana akitoka kivulini, yule ndugu Mghana wa ghorofa ya pili, mstari kwa mstari. Alikuwa ameweka kwenye mizani fulana zake na jina langu, kwa muda uleule ndege ilipokuwa ikipita.

"Lakini ulikuwa mzigo wako," nilisema. "Wa kwanza."

"Wangekuita mwongo mbele ya wote, na wangelileta hilo jina mpaka Mbeya. Wewe ulikuwa Katibu." Alifunga macho kidogo, akafumbua. "Haya, wanasemaje hao mbuzi?"

Nilifungua daftari nikaanza kumsomea: banda la viazi, dereva, mbwa. Nilipofika kwenye mstari wa mama zetu nilisita. Mama hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama ukurasa, mahali ulipokuwa mkono wangu.

"Endelea," alisema. "Leo kinatembea."